Toleo la Pili Linazinduliwa Ijumaa

Kadi ya mwaliko ililetwa na dereva, na dereva mwenyewe hata gari hakuzima. Alichungulia mlangoni, akawakuta watu tisa wamezunguka sinia la ugali wa muhogo na kisamvu, akauliza, "Mahmudu ni nani hapa?" kama karani wa mahakama anayeita washitakiwa. Akatupa bahasha yenye maua ya dhahabu mkekani, akaondoka na kuwaachia vumbi lake.

Faidha ndiye aliyeifungua, maana vidole vya mumewe vilikuwa na mchuzi. Akaisoma kwa sauti, kwa kuwa katika nyumba ile ya Mkuti, mjini Masasi, haijapata kutokea barua ikasomwa kimya.

"Unaalikwa kwa heshima na taadhima kuhudhuria uzinduzi wa Mkoba, Toleo la Pili, siku ya Ijumaa saa nne asubuhi. Toleo hili litaanza kutumika siku hiyohiyo katika zahanati zote thelathini na moja za Masasi na Newala. Chakula cha mchana kitatolewa."

"Chakula kitatolewa!" akadakia jirani aliyekuja kuomba chumvi na kuishia kula. Akamgeukia Faidha: "Mama Shamte, mimi nakusindikiza."

Mahmudu hakucheka. Tonge lilikuwa bado mkononi mwake.

"Toleo la Pili lipi?"

"Hilo lako," akasema mama yake, Bibi Mwanaheri. "Au wewe una mikoba mingapi?"

"Mama, halijakamilika. Sijalijaribu hata kwenye zahanati moja. Mimi ndiye mtunzaji wake, halafu siku ya kulitoa naisoma kwenye kadi ya kualikwa kula?"

"Umealikwa kwenye harusi yako mwenyewe kama jirani," akasema Faidha, akairudisha kadi kwenye bahasha yake taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi.

Mkoba ilikuwa programu ya kompyuta ya kutunza kadi za wagonjwa. Mahmudu, fundi wa redio aliyejifunza kompyuta kwa kuzifungua, ndiye aliyeiandika, akisaidiwa na wauguzi waliomweleza wanachohitaji. Ilikuwa programu huria: anayetaka aitumie, aisome ndani yake, airekebishe, amgawie mwenzake, bila kumlipa mtu. Kwa miaka sita zahanati za uwandani zilifanya kazi nayo kimya kimya. Kisha wafadhili wakaisikia, zabuni ikatangazwa, na kama kila kitu siku hizi, kuanzia barabara mpaka mifereji ya taka, ikaangukia mikononi mwa kampuni kutoka Dar. Kazi ya kampuni ilikuwa kuandika Toleo la Pili. Kazi ya Mahmudu ilikuwa kulikagua na kuligonga muhuri wake wa siri, maana bila muhuri huo kompyuta za zahanati hazipokei kitu.

Na alikuwa na mpango. Ulikuwa kwenye daftari la mistari, kurasa nne, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu. Zahanati tatu kwanza. Kompyuta yenye toleo la zamani na yenye toleo jipya zikae meza moja, msimu mzima, mpaka watoto watoke unyagoni na malaria ya masika ipite. La zamani lisifutwe popote kabla ya mwaka kwisha. Likitokea la kutokea, iwepo njia ya kurudi.

"Kesho naenda kuwaona," akasema, na tonge likarudi kwenye sinia.

*

Mkuu wa kampuni alikuwa Ashraf, mtu wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, mwenye desturi ya kusema "ndugu yangu" kila anapomdharau mtu.

"Ndugu yangu Mahmudu! Kadi umeipata?"

"Nimeipata. Nimekuja kuuliza nani ameamua Ijumaa."

"Mgeni rasmi ana nafasi Ijumaa."

"Na programu ina nafasi lini?"

Vijana wawili waliokuwa kwenye kompyuta walicheka, wakamwangalia bosi wao, wakaacha. Mahmudu akafungua daftari lake mezani. Ashraf alilishika kwa ncha za vidole, akapitia kurasa nne kwa muda wa kupiga chafya.

"Msimu mzima. Mwaka mzima. Huu ni mpango wa kutoa programu au wa kulea mimba?"

"Toleo lenyewe limebadilika sana. Limegusa mpaka mizizi. Nimelisoma usiku kucha. Mahali pa jina la pili pamekwenda wapi?"

"Ah, pale! Pale tuliona aibu kwa niaba yenu." Ashraf aligeuza kompyuta ili aonyeshe. "Takwimu zilikuwa chafu. Mtu mmoja, majina mawili, mengine matatu. Mashine imefuta ya ziada, imebakiza lile lililoandikwa kwanza. Watu elfu kumi na moja tumewasafisha."

Mahmudu akaanza kueleza, polepole, kama anavyoelezwa mgeni. Kwamba huku mtoto akitoka jandoni au unyagoni hupewa jina jipya. La utotoni linakufa pale pale. Kumwita nalo mbele za watu ni tusi, na wazee walikuwa wakilitoza mbuzi. Kwa hiyo mama mdogo wa mtoto huenda kwa muuguzi, wawili tu, akamnong'oneza jina jipya. Na Mkoba huyaunganisha majina mawili kwa ndani, bila kumwonyesha mtu yeyote lile la zamani. Ukimtafuta mtoto kwa jina jipya, unampata na historia yake yote.

"Sasa ninyi mmefuta majina ya watu wazima, mkawarudishia ya utotoni."

"Ndugu yangu, mila tunaziheshimu. Lakini mfumo ni mfumo. Tutafanya marekebisho baadaye."

"Sigongi muhuri."

Ashraf alitabasamu bila kuonyesha meno.

"Haya. Nani wa kusema sisi hatusikilizi? Chagua zahanati moja. Jaribu kesho, Jumatano. Kutwa nzima nimekupa. Alhamisi unagonga."

Adhuhuri pilau ikaletwa. Mahmudu alinyanyuka kwenda kunawa pamoja na wenzake, na mmoja wa wale vijana akamgusa bega. "Mzee, mafundi na madereva wanakula kule nje." Alikula kule nje, kwenye tairi la akiba. Pilau ilikuwa ileile, ila nyama ilikwisha kabla haijafika.

*

Zahanati waliyoichagua ilikuwa katika kijiji kimoja cha Mnyambe, upande wa Newala, alikozaliwa Faidha. Ndiyo maana akafuatana na mumewe. Na pia kwa sababu hakuna safari ya Mnyambe inayokamilika bila yeye kujua nani kaolewa na nani kaachwa. Walipofika, muuguzi Mabel alikuwa ameshaziweka kompyuta mbili meza moja, ya zamani kushoto, mpya kulia, kama Mahmudu alivyomwomba kwa simu. Benchi la nje lilikuwa limejaa. Kampuni ilikuwa imemtuma karani wake, msichana mgeni kutoka Dar, mwenye kucha nyekundu na adabu zake, aliyeambiwa asome majina kama yanavyotokea kwenye kioo.

Saa tatu hivi akaingia Esther, mama wa makamo, na binti yake wa miaka kumi na mbili. Binti alikuwa ametoka unyagoni wiki mbili tu, kanga mpya bado inanukia duka, na mguu umemvimba kwa kidonda mpaka anauburuta. Jina lake Julia. Esther alitoa kadi, karani akaandika namba yake, kioo kikajibu, naye akatoka mlangoni na kuita kwa sauti safi ya shuleni.

Akaita lile la utotoni. Halifai kurudiwa hata kwenye karatasi hii.

Mwanamume mmoja mwishoni akaguna, "Ala!" na watoto wawili wakaanza kucheka kwa kuziba midomo. Julia aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kanga. Karani, asiyejua lolote, akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi.

"We binti!" Esther alisimama. "Nani kakufundisha jina hilo?"

"Samahani mama, ndivyo ilivyoandikwa hapa. Si ni huyu?"

"Huyo unayemwita hayupo! Tumemzika! Watu wamecheza ngoma, wamekula, wametunza, leo wewe unamfukua mbele ya kadamnasi?"

"Mama Julia, ngoja," Mabel alitoka mbio. "Ngoja mwenzangu, ni mashine—"

"Mashine ina mama? Aliyeiandika hana mama?" Esther aliikwapua kadi mkononi mwa karani, akaichana vipande vinne. "Tumekuja kutafuta dawa, hatukuja kuvuliwa nguo."

Akamshika mwanawe mkono, wakaondoka, binti akiburuta mguu. Mahmudu alibaki mlangoni akiwatazama. Aliyeiandika alikuwa yeye, na mama alikuwa naye. Na hapakuwa na namna ya kumweleza Esther kuwa wameandika wengine juu ya maandishi yake.

Homa haingoji hasira ya watu ipoe. Saa nane mchana Esther alirudi, binti amembeba mgongoni, mzima wa miaka kumi na mbili, miguu inaning'inia. Mabel alikuwa ameitwa kumzalisha mtu chumba cha pili, na mezani alikuwepo karani na mganga wa zamu.

"Kadi?" akauliza karani, safari hii kwa woga.

"Hana kadi. Mgeni. Andika Julia, basi."

Kioo cha toleo jipya kilitafuta Julia. Hakikumwona. *Mgonjwa mpya. Hakuna historia.* Mganga alimtazama mguu, akamwambia karani aandike penisilini, akavuta dawa kwenye bomba.

Mahmudu alikuwa kwenye kompyuta ya kushoto. Kwa mazoea tu ya kufuata mpango wake, kila mgonjwa aliyeandikwa kulia yeye alimwandika kushoto. Akaandika Julia, mama Esther. Mkoba wa zamani ukafikiri kidogo, kama kawaida yake, kisha ukampata, na juu ya kioo ukatokea mstari mwekundu: *PENISILINI MARUFUKU. Alivimba koo, alikata pumzi, alinusurika.*

"Daktari, usichome!"

Alipiga kelele mpaka mbuzi waliokuwa nje wakakimbia. Mganga alisimamisha mkono, sindano imebakiza kidole kimoja kufika kwenye paja. Akaja kusoma kushoto. Akaenda kusoma kulia. Akarudi tena kushoto, akaiweka sindano kwenye sahani.

"Mama," akasema, "hukusema kama dawa hii ilishamdhuru?"

"Ningesemaje?" Esther alikuwa akilia sasa. "Ningesema ndipo mngemjua ni yule. Mngemwita tena."

Faidha alikuwa amemkumbatia binti. Aliinua macho akamwangalia mumewe, kisha akavua mtandio wake na kumfunika nao.

*

Alhamisi Ashraf alisikiliza habari yote amesimama, funguo za gari mkononi.

"Amekufa?"

"Nani?"

"Huyo binti. Amekufa?"

"Hakufa. Kwa sababu la zamani lilikuwepo mezani."

"Basi. Kesi moja, na haina madhara. Tutarekebisha baada ya uzinduzi. Gonga muhuri, ndugu yangu."

"Kuna watoto mia ngapi wametoka unyagoni mwezi huu?"

"Sijui, na mkataba haunitaki nijue." Kisha akalainisha sauti. "Sikiliza. Kuna nafasi ya fundi wa kudumu. Mshahara wa kila mwezi, na bima. Wewe una nyumba imejaa watu. Gonga."

Mahmudu aliomba apewe mpaka jioni afikiri. Nyumbani alikuta habari zimemtangulia, na kila mtu ana maoni.

"Mshahara wa kila mwezi!" alisema Bibi Mwanaheri. "Mwanangu, bati linavuja juu ya kitanda changu. Bonyeza hicho kitu unachobonyeza, Mungu atawalinda hao watoto."

"Mama," akasema Faidha, "waliliita jina la yule binti nje, mbele ya benchi. Mara mbili."

Bibi Mwanaheri aliacha kupepeta mchele.

"La kabla?"

"La kabla."

"Mbele za wanaume?"

"Mbele za wanaume, na watoto wakacheka."

Kizee kiliweka ungo chini. Kilikuwa na miaka sabini na miwili, na hakuna aliye hai aliyejua kilivyoitwa kabla ya kuwa Mwanaheri.

"Na mimi nimo humo? Kwenye hiyo Pili yao?"

"Umo, mama."

"Usibonyeze," akasema. "Acha bati livuje."

Mahmudu alimpigia Ashraf simu. Akamwambia hapana. Ashraf hakugombana hata kidogo, na hapo ndipo Mahmudu alipoogopa.

"Sawa, ndugu yangu. Hii programu si ni huria? Si wewe mwenyewe umeandika kwamba yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuirekebisha na kuigawa? Sisi tumeichukua. Tutaigawa kwa mkono, kwa gari: tunafuta mashine zote, tunaweka upya, na mashine tupu haiulizi muhuri. Muhuri wako baki nao."

Faidha, aliyekuwa ameweka sikio mgongoni mwa simu ya mumewe, akashtuka. "Mzuie!"

"Siwezi. Ndiyo maana ya huria. Sikuifungulia watu wazuri peke yao."

"Basi huria yenu ni ya wenye magari," akasema Faidha. "Sisi wa miguu tunayo ya kuandika tu."

*

Ijumaa saa nne, wakati spika zikipimwa uwanjani na wali ukinukia mpaka Mkuti, Mahmudu hakuwa uwanjani. Alikuwa sebuleni kwake na simu mbili, yake na ya jirani wa chumvi, akipiga zahanati moja moja. Wasikubali. Wakilazimishwa, wasiruhusu la zamani lifutwe. Kumi na moja waliahidi. Sita hawakupatikana. Waliobaki walijibu kwa unyonge kuwa agizo limetoka juu, magari yameshapita tangu alfajiri, vijana wa kampuni wamesafisha mashine na kuondoka, na risiti wamesainishwa.

Njia ya Lulindi alipokea Veridiana, muuguzi mkongwe mwenye sauti ya kwaya.

"Baba Shamte, umechelewa. Cha kale hakipo. Na hapa nina mtoto ana nimonia, anaitwa Bonifasi, mashine inaniambia hajawahi kuzaliwa. Nimwulizeje mama yake? Si ataondoka naye?"

Mahmudu aliangalia kona ya chumba. Chini ya meza ya cherehani ya Faidha ilikaa kompyuta ya akiba, ambamo kila mwezi zahanati zilimletea kwa basi nakala ya vitu vitatu tu: jina, mama, na onyo. Aliiweka kwa ajili ya siku ya moto au ya wezi.

"Mama yake nani?"

"Winfrida."

Aliandika. Akasubiri. "Penisilini sawa. Lakini ana selimundu, msimwache bila maji. Mwandike kwenye karatasi, Sista. Kwenye hicho kioo msiandike kitu."

"Na nikipata mwingine?"

Mahmudu alifungua mdomo kujibu, na Faidha akamnyang'anya simu.

"Ukipata mwingine, piga. Niko hapa. Waambie na wenzako."

Wakapiga. Siku ile simu ishirini na tatu. Jumamosi arobaini. Wakapiga alfajiri Bibi Mwanaheri akiwa kwenye sala, wakapiga wakati wa kula, na sinia likawa linapoa. Vocha alinunua nani? Walinunua wauguzi, kutoka mishahara yao ya kuchelewa. Faidha alijifunza kutafuta upesi kuliko mumewe. Jina jipya, jina la mama, onyo. La zamani halikutokea kwenye kioo chake hata mara moja, na asingelitaka. Majirani waliokuja kwa umbea walikaa kimya pale simu ilipolia, na hili lilikuwa halijapata kuonekana Mkuti. Mahmudu, upande wa pili wa chumba, alirudisha mahali pa jina la pili ndani ya toleo jipya, akaanza kulipanga upya kwa ajili ya zahanati tatu, msimu mzima, meza moja.

Wiki ya sita kampuni ilikamilisha mkataba, ikatoa taarifa na kurudi Dar. Nakala moja ilimfikia Mabel, naye akaipandisha basi la Masasi. Ilikuwa na picha za rangi: mgeni rasmi akikata utepe, Ashraf akipiga makofi. Faidha aliisoma kwa sauti, kama kawaida ya nyumba ile.

"Toleo la Pili limepokelewa vizuri katika zahanati zote thelathini na moja. Katika kipindi chote cha utekelezaji, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepata madhara. Hii inathibitisha kuwa hofu iliyojitokeza awali miongoni mwa baadhi ya mafundi wa eneo husika haikuwa na msingi."

Jirani wa chumvi akainama kuitazama tena picha ya utepe.

"Soma tena hapo," akasema Bibi Mwanaheri. "Pa 'hakuna mgonjwa'."

Faidha akavuta pumzi asome tena, lakini simu ikalia. Akaiweka taarifa kifudifudi chini ya sufuria la moto ili lisiunguze mkeka, akavuta kiti.

"Haloo. Ndiyo, ni hapa. Sema polepole, mwanangu. Mama yake anaitwa nani?"